Peremende ya Bibi Effie

Mairead!! Uko wapi? Bibi Effie katuaibisha kanisani leo!

Si unamjua mzee Torquil, anayetuongozea zaburi? Babu yake alimpokonya babu wa Bibi kazi hiyohiyo, na tangu hapo koo zetu hazisalimiani.

Sasa leo, kabla tu ya zaburi ya mwisho, Bibi ananyoosha mkono benchi la mbele, anampa peremende. Torquil!! Kanisa zima likageuka kutazama. Mzee wa watu akaitia mdomoni, machozi yanamlengalenga.

Akasimama aimbe mstari wa kwanza, tumfuate. Wapi! Peremende kubwa kama yai la njiwa. "Mmmff." Shoga, MMMFF!

Na nani akaudaka mstari? Bibi! Mwanamke kuongoza zaburi, hapa kisiwani kwetu! Akaimba mpaka mwisho, sisi nyuma yake, mchungaji mdomo wazi.

Nje nikamuuliza, "Bibi, ulifanya makusudi?"

"Imeandikwa, adui yako akiwa na njaa, mlishe."

Mara Torquil huyo anakuja. Nikasema leo ni leo. Akavua kofia: "Effie, umeimba kama babu yako. Jumapili ijayo niletee nyingine."

Bibi, mwenye jibu la kila kitu, akaona haya kama mwari.