Wanaobembelezwa Wawashe Umeme

Jumatano, Kilburn, huku ughaibuni. Baridi kavu, upepo umelala kabisa. Ofisini kwetu siku kama hii watu hufurahi. Mimi tangu asubuhi sikai nikatulia.

Nieleze, maana hata mama yangu Mombasa anadhani nafunga nyaya. Kampuni yetu ina mitambo ya gesi, tunauza umeme kwa jumla. Mimi ndiye ninayewaarifu wasimamizi wa gridi ya taifa mtambo upi utawaka na upi utazimwa. Upepo ukivuma, mitambo ya upepo inazalisha, wauzaji ni wengi na bei inatulia. Upepo ukilala tunabaki wachache, na gridi haina pa kwenda. Mwenye nguvu mpishe.

Leo meneja wangu, Graham, amekuja na kikombe chake cha chai. Anataka kesho asubuhi nitangaze kwamba mtambo wetu mkubwa utazimwa saa kumi na moja jioni, watu wakiwa ndio wanarudi nyumbani na kuwasha majiko. Mtambo hauna hitilafu yoyote. Ila tukisema tunazima, gridi itatubembeleza tuendelee, na anayebembelezwa ndiye anayepanga bei.

Nilimuuliza kama tutazima kweli. Akacheka, akasema hakuna anayezima chochote, tunasema tu.

Nikageukia kompyuta yangu. Nimejichukia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jioni ilikuwa zamu ya jiko langu. Mimi na Mama Neema, jirani yangu wa ghorofa ya chini, tunapikia jiko moja tangu bili zilipopanda, leo kwangu, kesho kwake. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, anahudumia wazee majumbani mwao. Kuna bibi mmoja, ananiambia, anamkuta kitandani na koti, hita imezimwa. Akawa anakoroga sombe, kisamvu cha kwao, huku ananitania.

"Dada, si weye njo unauzishaka umeme? Ambia bakubwa benu bapunguze bei kidogo."

Nilicheka naye. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Naogopa, niseme ukweli. Viza yangu imefungwa kwenye kazi hii. Nikiachishwa nina wiki chache tu za kutafuta mwajiri mwingine, la sivyo nifungashe. Na mtambo utatangazwa tu, kwa mkono wa mwenzangu wa meza ya pili. Sasa ushujaa wangu utampasha joto nani?

Sijui. Lakini uongo ule ukitoka, hautatoka kwangu.

Mama Neema alipokwenda nimemwandikia Graham: mtambo ni mzima, mimi siwezi kutangaza kwamba unazimwa. Nimefuta, nimeandika tena, nimetuma kabla sijajihurumia.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Kesho nitaamka, nitapanda treni kama kawaida, nione kama kadi yangu bado inafungua mlango wa ofisi.