Sauti Yangu Imebaki kwa Simu

Jumanne, Kimbo

Na mimi nilidhani Tata anaupenda wimbo wangu.

Wiki jana Tata Njeri, dadake mama, aliniomba nimwimbie mtoto wake, Mumbi, huku simu ikirekodi. "Nikichoka kazini nitawasikiliza," alisema. Mimi niliyeacha kwaya kwa kuona haya, niliimba hadi mwisho, kwa sababu ni Mumbi tu aliyekuwa akinitazama.

Leo mchana Mumbi alipoanza kulia, nilinyoosha mikono nimchukue. Tata akasema, "Hebu mwache," akaiweka simu kando ya mto. Nikasikia sauti yangu ikiimba. Mtoto akapiga miayo, akalala.

"Ai, kumbe hii inatosha!" Tata akacheka. "Sasa hata jirani anaweza kumlaza. Kesho utarudi kwenu Ngoliba, mami. Umenisaidia sana."

"Lakini ulisema nikikulelea mtoto utanilipia kozi ya ushonaji."

"Tutaona mwaka ujao."

Nikaenda kukunja nguo zangu.

Kinachoniuma zaidi ni mwisho wa ile rekodi. Nikimaliza wimbo, namwambia Mumbi polepole, "Lala tu. Mimi niko hapa, siendi popote."

Ataambiwa hivyo kila siku, kwa sauti yangu.