Droni Juu ya Mihogo ya Lubondja

Mji wa Baraka, Alhamisi jioni. Wingu limekaa juu ya ziwa kutwa nzima bila kutoa hata tone, na joto ni lile la kumshika mtu shingoni. Nimerudi kutoka Lubondja na vumbi hadi kwenye meno. Maji ya kuoga yameshapoa, na mimi bado nimekaa hapa naandika.

Nimechoka. Si uchovu wa barabara.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni agronome, mtaalamu wa kilimo, wa shirika dogo la wakulima. Tangu mwaka jana kazi yangu ni kurusha droni, ndege ndogo yenye kamera, juu ya mashamba ya mihogo. Kuna ugonjwa unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano. Ukisimama njiani huoni kitu, shamba lote ni kijani. Kutoka juu, madoa yanaonekana. Tunaingia, tunang'oa mashina mabovu kabla ugonjwa haujaenea, na familia inabaki na chakula. Msimu uliopita niliona kazi hiyo ikifaulu, nikajiona mtu wa maana.

Leo asubuhi mambo yalikuwa sawa. Ruhusa tulikuwa nayo. Papa Asukulu, mwenyekiti wa wakulima wa Lubondja, alitangaza kanisani Jumapili: kandege katapita, musiogope, ni ka kuangalia mihogo. Wenyeji walisimama kando ya shamba wakitazama, wengine wakicheka.

Lakini ng'ambo ya kijito kuna watu waliokuja juzijuzi, waliokimbia mapigano ya milimani. Wamepewa vipande vya kulima. Wao wanasali kwingine. Hakuna aliyewaambia, na mimi sikuuliza.

Droni ilipopanda na kuanza kulia, nilikuwa nimeinamia kioo cha kuiongozea. Nilisikia kelele kabla sijaona. Nilipoinua kichwa, bamama, wale wanawake wa ng'ambo ya kijito, walikuwa wanatupa majembe na kukimbia. Hawakukimbia ovyo. Walitawanyika, kila mmoja upande wake, wakajitupa chini ya mihogo, wakanyamaza.

Watu waliozoea.

Niliishusha mara moja. Papa Asukulu akavuka kijito akipaza sauti, na mmoja mmoja wakatoka, wakijikung'uta udongo bila kunitazama. Wote isipokuwa Koko Wabiwa, bibi wa umri mkubwa. Binti yake, Mama Riziki, alizunguka shamba akimwita. 

Nyuma ya shamba kuna matete marefu yanayoshuka hadi majini. Ni huko tu angeweza kuwa. Nikamwambia Mama Riziki kwamba kamera itamuona haraka kuliko sisi sote. Droni ilikuwa tayari mkononi mwangu.

Alinishika kiwiko.

"Dada, usirushe tena ile kitu. Akisikia sauti yake ataingia ndani zaidi. Kule milimani, zile za kutupa bombe zikipita, ni vile alibaki muzima. Alisikia, akalala, hakujibu muntu."

Nikaiweka chini.

Tukaingia kwenye matete kwa miguu. Nitasema ukweli, maana hapa ndipo pa kuusemea: mwanzoni nilikuwa na hasira. Nilikuwa nawaza mwanga mzuri unaopotea na bosi anayesubiri picha. Halafu nikakanyaga kitenge kilichonasa kwenye matete, kimejaa matope, kimepasuka upande mmoja. Mama Riziki alikiokota akakikumbatia. Sikuwa na hasira tena.

Jua lilikuwa limepita utosini tulipomsikia. Hakuitika, alikohoa. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope, uso ameufunika kwa mikono, mguu umevimba.

"Mama, ni mi. Toka. Haiko tena hewani."

"Nani amekwambia?"

"Mi niliiona. Iko chini."

Hakutoka. Alisikiliza kwa muda mrefu, na sisi tukasikiliza naye. Kisha akanyoosha mkono.

Tulimbeba hadi kivulini. Muuguzi wa kituo cha afya aliyekuja kumwona anasema mguu haukuvunjika, umeteguka. Nilipiga magoti mbele ya Koko Wabiwa nikaomba msamaha, nikaeleza habari ya majani, ya mabaka, ya kamera. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, bila ukali wowote:

"Sawa, mutoto yangu. Lakini mi niko huku chini. Nitajua namna gani kama hii iko inatafuta majani, na ile ingine iko inatafuta mi?"

Nikaitia droni kwenye begi. 

Bosi amenipigia nikiwa njiani. Anataka nirudi kesho nimalize. Si mtu mbaya. Ugonjwa hausubiri, na ukienea, hao hao wa ng'ambo ya kijito ndio watakaolala njaa wa kwanza. Nimemwambia kesho sirushi. Nitapanda Lubondja, nitakaa na bamama, na wakikubali tutapita mistari ya mihogo pamoja, jani kwa jani. Siku wakitaka kuishika droni ikiwa imezimwa, wataishika. Wasipotaka, basi. Amesema tutaongea. Najua tutaongea nini.

Sijui kama nimefanya vizuri. Kwa miguu hatutamaliza mashamba yote kabla mvua haijashika, na kuna familia zilizonisubiri mimi na kamera yangu, zikiniamini. Nao ni watu.

Kinachoninyima raha ni kule kusikiliza kwa Koko Wabiwa. Mtoto wake wa kumzaa amesimama hapo, anamwita mama, na yeye bado anapima hewa kwanza.

Kesho nitaanzia mlangoni kwake. Nikishabisha hodi, nitasema nini?