Mdhamini wa Kwanza: Baba

Jumatatu, 5 Mei 2025

Leo nimejisajili. Basi! Mama akiniuliza tena nimeifanyia nini diploma yangu ya ununuzi na ugavi, ntamwonyesha simu. Mwaka wa tatu huu nipo nyumbani Mtawanya, nafukuza ndege kwenye mpunga kama mtu asiyejua mlango wa shule. Linki ya hiyo tovuti ya ajira kanitumia Mudy wa steshenari, Kibiti mjini. Tulisoma darasa moja. Kasema wenzetu wote wamo, mimi tu nangoja kazi inifuate bondeni.

Lakini maswali yao jamani! Jina langu, la baba, la babu. Namba ya kitambulisho cha NIDA. Dini. Umeolewa, hujaolewa, umeachika? Wana haja gani na kuachika kwangu! Unadaiwa? Nyumbani mnaishi wangapi? Nani anawalisha? Kisha picha ya uso — geuka kulia, geuka kushoto, tabasamu. Nimetabasamu peke yangu nyuma ya choo, maana ndiko mtandao unakoshika. Ruhusu tusome majina yaliyomo kwenye simu yako. Nikaruhusu. Ruhusu tujue ulipo. Nikaruhusu. Halafu likaja gazeti zima la Kiingereza, na chini yake kitufe: Nakubali. Nani anasoma yale? Bando lenyewe lilikuwa linakata roho.

Wadhamini watatu. Wa kwanza nimemweka Baba, tena kwa cheo: Mwinyimvua, Mwenyekiti wa Kijiji. Vijana wote wa hapa wanamwandika yeye, kila kijiji kinamwandika mwenyekiti wake, sasa mimi mwanawe nimruke? Wakataka na mahali anapopatikana. Ikaja ramani, nikashusha kidole hadi juu ya bati letu. Wa pili Mwalimu Emmy, jirani yetu. Wa tatu mkuu wa chuo, ambaye sidhani hata kama ananikumbuka.

"Wasifu wako umekamilika." Raha! Sijamwambia mtu. Nitasema nikipata.

Jumatano, 7 Mei

"Mwajiri ametazama wasifu wako." Jana mmoja, leo wengine! Nimeruka kama mtoto.

Vimekuja na vingine. Mkopo wa haraka, Warda, tunajua hali yako. Sabuni ya kung'arisha uso. Mkopo tena. Hali yangu wameijuaje? Au ndo lile swali la nani anawalisha?

Jioni Mama kaja jikoni na simu yake ya kitochi, anacheka. Kaniuliza tangu lini namwandikia meseji za mapenzi. Nikatazama. "Mpendwa Mama Kipenzi, je, unamfahamu Warda?" Namba ngeni. Mama akarudi kwenye chungu chake akiendelea kucheka.

Mimi sikucheka. Mama Kipenzi ndivyo nilivyomhifadhi ndani ya simu yangu. Hakuna mtu duniani anayemwita hivyo, hata mimi simwiti kwa mdomo.

Ijumaa, 9 Mei

Baba kapigiwa simu akitoka msikitini. Dada mmoja, Kiswahili laini, adabu tele, kaanza na shikamoo. Kajitambulisha kuwa ni wa kitengo cha uhakiki. Ndiye Mwinyimvua? Ndiye Mwenyekiti? Nyumba ile ya bati jipya karibu na zahanati? Baba kaitikia, kaitikia. Akaulizwa anasali msikiti gani, na kwa kawaida saa ngapi huwa nyumbani. Hapo akakata.

Karudi, wali hakuugusa. Kauliza nani katoa namba yake. Siwezi kumficha Baba, nikamwambia palepale. Afadhali angenifokea! Kaniuliza kitu kimoja tu.

"Cheo umeandika?"

"Nimeandika, Baba."

Akanawa mikono, na chakula hakula.

Sikufikiri. Wallahi sikufikiri. Miaka ile viongozi wa vijiji walipokuwa wanauawa huku kwetu nilikuwa sekondari, si mtoto, nakumbuka vizuri. Ukiwa mwenyekiti, mtendaji, balozi wa nyumba kumi, hulali kwako. Mzee Bashiru balozi aliitwa nje kwa cheo chake, akatoka na kikombe cha chai mkononi, hakurudi ndani. Sisi tulikimbilia Mbagala kwa shangazi, tukakaa chumba kimoja kama dagaa. Yaliisha, tukarudi, watu wakamchagua Baba tena. Lakini Baba husema waliomfuata Mzee Bashiru walihitaji vitu vitatu tu: jina, cheo na nyumba.

Nimewapa vyote vitatu. Na ramani juu yake.

Jumamosi, 10 Mei

Baba kahamia dunguni, kile kichanja cha kulindia ndege shambani. Eti ndege wanamaliza mpunga. Mama kasema tangu lini ndege wakala mpunga usiku. Baba kachukua shuka na redio, kaondoka.

Mama hajanilaumu. Kasema maji yakimwagika hayazoleki, nikateke mengine. Kisha kanigeuzia mgongo, nikaona mabega yanatikisika. Naichukia hii simu! Lakini sijaizima. Huenda kazi ikaja.

Jumatatu, 12 Mei

Nimetoka Kibiti.

Nilikwenda kumgombeza Mudy. Akaanza masihara yake — oya sista, huo ni uhakiki wa kawaida, mchongo huo unaiva. Nikamwambia basi nionyeshe wanachokiona waajiri. Kajisajili upande wa waajiri mbele yangu. Kajiita Mudy Investment! Kalipa kwa simu, pesa ya chipsi kuku tu, na hakuna aliyemuuliza wewe nani, ofisi yako iko wapi. Kaandika: Kibiti. Nyuso zetu zikashuka moja moja, za wenzetu wa darasani, wote tunatabasamu.

Kagusa wangu. Niliyoandika yote yamo. Na nisiyoyaandika yamo! "Kipato cha familia: chini sana. Uwezekano wa kukubali mshahara wowote: mkubwa." Nani kawaambia? Nimesoma mara mbili, aibu ikanijaa hadi masikioni. Chini yake: "Mdhamini wa kwanza: ushawishi mkubwa."

Mudy kaligusa jina la Baba. Likafunguka. Simu zake mbili, kile kidole changu juu ya bati letu, na vijana wote waliowahi kumwandika. Pembeni: "Viongozi wengine wa eneo hili." Mudy kateremsha. Wenyeviti, watendaji, kijiji baada ya kijiji, mpaka kule Mohoro. Kila mmoja na namba yake na nyumba yake. Maana kila kijana kamwandika wake.

Mudy huyu hajawahi kukaa bila utani hata msibani. Leo kaishusha simu mezani. Kisha kasema, dada, hawa hawakuibiwa, tumewaandika sisi wenyewe.

Waliomtazama Baba wanaonekana pia. Wengi ni makampuni ya mikopo. Mmoja kaandikwa "Mwajiri binafsi", hana jina. Huyo kaingia kila siku.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Mimi kidole kimoja kimeponza nyumba nzima.

Jumatano, 14 Mei

Mwalimu Emmy kanisimamisha njiani. Yeye mtu wa Bukoba, mambo ya miaka ile kayasikia tu, kwa hiyo kaniambia kwa furaha: Warda, wamenipigia, nadhani kazi umepata! Nikamuuliza wameuliza nini juu yangu. Kasema kumbe juu yako hawakuuliza kitu. Wameuliza habari za Mwenyekiti. Kama anatembea peke yake, kama ana ugomvi na mtu, kama anampenda binti yake.

Nikamuuliza, ukajibuje?

Kasema nilisema anakupenda sana. Si kweli?

Alhamisi, 15 Mei

Nimejaribu kufuta. Kufuta nako kuna maswali! Piga picha kitambulisho mbele na nyuma. Piga video ya uso. Eleza sababu. Halafu: mdhamini wa kwanza atapigiwa simu kuthibitisha. Nikaona bora nile moto. Nikabonyeza hivyo hivyo bila video. Jibu likaja haraka mno kuwa la binadamu: ombi limepokelewa, ila taarifa zilizokwishawafikia washirika wetu hazihusiki.

Washirika gani? Hawakusema.

Nilimpelekea Baba uji dunguni. Nikamwambia twende polisi. Kaniuliza tukifika tutasema tumeibiwa nini. Ntasema nimebonyeza Nakubali? Kakonda Baba. Kaniuliza hiyo kazi yenyewe ni nzuri? Nikasema hata kazi sijaiona, Baba. Kanitazama kwa huruma, mimi! Mimi ndiye wa kumwonea huruma yeye!

Jumamosi, 17 Mei

Imekuja.

"Hongera Warda! Umeteuliwa kwa usaili. Karani wa Stoo, ghala la ufuta, Ikwiriri. Jumatatu saa nne asubuhi." Wametaja na guest house, ile ya nyuma ya soko. Mshahara laki nne na nusu. Mstari wa mwisho: "Fika na mdhamini wako wa kwanza."

Nimempigia Mudy. Kasema hajui la kusema. Twalha wa darasani kwetu kapata kazi Dar kwa tovuti hiyohiyo, kazi ya kweli, na yeye aliambiwa aende na mjomba wake. Kwa hiyo huenda ni kweli. Huenda si kweli.

Naitaka hii kazi! Naandika hapa nisijidanganye. Naitaka mpaka meno yanauma. Karani wa stoo ndicho hasa nilichosomea. Ningemnunulia Mama godoro. Ningemwambia Baba vua uenyekiti, mzee, pumzika, wapige simu mpaka wachoke.

Siendi. Nimefuta meseji. Baba hatajua.

Jumatatu, 19 Mei

Naandika nimekaa kizingitini. Bodaboda kaenda kutia mafuta, anarudi sasa hivi. Mwandiko huu sijui kama nitausoma mwenyewe. Nisipoandika ntapiga kelele.

Leo nilitoka alfajiri bila kumuaga mtu. Nilijijua — nikikaa nyumbani, saa nne ikikaribia, ntavaa viatu niende Ikwiriri. Nikaenda kuvuna kwa shangazi, bonde la mbali, mtandao hakuna. Nimevuna kama nina kisirani na mpunga. Adhuhuri nimerudi.

Mama kasimama mlangoni, mkono kifuani. Kasema, wewe si uko Ikwiriri?

Kumbe asubuhi Baba alikuja mbio kutoka dunguni na simu mkononi. Wamemwandikia na yeye. Bila shaka wamemwandikia, namba zake si wanazo zote mbili! Mama kanisimulia ilivyosema: Mpendwa Mdhamini, Warda amethibitisha kuhudhuria usaili, yupo njiani, peke yake. Sijathibitisha kitu! Hata kujibu sikujibu! Baba kanipigia, sipatikani. Kanitafuta shambani, simo. Kavaa kanzu ya Idi. Mama kamshika, akamwambia Mwinyimvua usiende, unajua huko wanakutaka wewe. Kasema najua. Kama wananitaka mimi, hayo tutaongea, lakini mwanangu hatakaa chumba cha guest na watu nisiowaona. Kapanda pikipiki.

Simu yangu imeshika mtandao, zikamiminika. Simu za Baba zilizokosa kupokelewa, sijui ngapi. Na moja ya kwao: "Asante kwa kuthibitisha."

Nikampigia Baba. Ikaita. Ikapokewa.

Si Baba. Dada, sauti laini. Kaniita jina langu kabla sijasema hata haloo. Kasema ondoa wasiwasi Warda, mzee yupo hapa, amekaa, tumempa soda. Nikasema nipe Baba. Kasema anaandika, tusimkatishe. Anaandika nini? Kasema kila mdhamini naye lazima awe na wadhamini wake, ndio utaratibu. Tumemwambia akimaliza atakuona, upo chumba cha ndani unafanya mtihani.

Nikapiga ukelele, sipo! Mwambieni sipo, nipo nyumbani! Kasema sawa dada, tumekuelewa. Kisha akasema, kwa upole uleule, mzee ana mwandiko mzuri sana. Ikakatika. Sasa simu zote mbili zimezimwa.

Mama kakimbilia kwa mtendaji. Mudy nimempigia, yupo barabarani, kasema anatangulia Ikwiriri na wenzake wawili. Polisi wamepokea, wameniuliza kuna kosa gani limetendeka. Nikasema Baba yangu ameitwa. Wakauliza ameitwa na nani. Nimewatajia guest house, wamesema watatuma mtu.

Bodaboda huyo, namsikia —

Simu inaita. Nikadhani Baba. Ni Mzee Hemedy, mwenyekiti wa kijiji cha pili, rafiki yake. Baba hapokei, ndo kanipigia mimi. Kacheka kidogo, kasema mwanangu, kuna dada kanipigia sasa hivi, ana adabu kweli, kasema namba yangu kapewa na baba'ko. Alitaka kujua nyumba yangu ni ipi na kama leo nashinda nyumbani.

Nimemwambia, Mzee Hemedy, nakuomba, usijibu kitu.

Kasema keshajibu.