Majina Uliyowapa Watawa

Prey Veng,
Siku ya nne baada ya sikukuu ya kulisha wafu

Kwako Dada Phalla,

Pokea salamu zangu nyingi. Naomba barua hii ikukute mzima na mwenye nguvu, tena nasema kwa moyo mmoja, maana sitaki uumwe hata kichwa leo. Sisi huku hatujambo. Mpunga umesimama vizuri, bata wameongezeka, na Vireak ameota meno mawili mapya ya mbele. Ana miaka sita sasa, na mdomo wake hauna kituo.

Ule ujumbe uliompa Mama mdogo Sophat kwa simu, kwa namba iliyofichwa, bila kusema uko wapi, nimeupata wote. Ati yule baba wa China bado anaitaka mbegu yake. Ati nimvalishe mtoto nguo nzuri, nimlete mpakani, wewe utajua namna ya kumvusha. Ati ni mzigo wa watu, niurudishe kwa wenyewe, na yaliyopita niyasahau kwa kuwa tumenyonya titi moja.

Niyasahau yapi, dada? Nikukumbushe kidogo, huenda na wewe umesahau.

Ulikuja nyumbani na mfuko wa matofaa, ukakaa karibu na mama, ukasema tumbo ni nyumba ya kupangisha, mpangaji anakaa miezi tisa anaondoka. Ulisema kuwabebea watu mimba kwa malipo, kwao China sheria inakataza, Wathai nao wameshafunga mlango, lakini kwetu haijaandikwa, kwa hiyo si kosa. Nilikuuliza, je, ikiandikwa nami nina mimba? Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ulisema serikali huandika polepole kuliko tumbo linavyokua. Mama naye akacheka, kwa sababu wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye uliyesoma.

Nikaenda. Tulikuwa wanawake kumi na wawili katika nyumba ile ya mjini, matumbo mbele, tukila ulichotupangia na kulala ulipotuambia. Nilikuwa na miezi saba siku uliyopigiwa simu mchana, ukatoka jikoni na mkoba wako ukisema unakwenda kutafuta samaki. Samaki gani! Baada ya dakika chache tukasikia magari ya polisi. Tulikimbilia lango la nyuma, wengine wakijishika viuno, tukalikuta limefungwa kwa nje. Kwa nje, Dada Phalla. Ulijua wakitukamata sisi hawatakuwa na haraka ya kukufuata wewe.

Nilijifungua nikiwa mahabusu. Hakuna aliyenilaza kwenye kitanda chenye makaa chini yake siku tatu, mwili upate joto, kama ilivyo desturi yetu, na baridi ile iko mifupani mwangu mpaka leo. Mama alikufa wiki mbili kabla sijatoka, akiwauliza majirani mwanawe mdogo ameuza watoto wa nani. Hakimu akanipa mambo mawili nichague: jela, au nimlee mtoto niliyemzaa mpaka afikishe miaka kumi na minane, na nikimtoa kwa mtu yeyote narudi jela. Mume wangu alimtazama mtoto, akasema yeye hawezi kulea Mchina, akaenda zake. Loo, mwanaume yule! Hata bata alichukua wawili.

Sitakuficha, mwanzoni nilimchukia mtoto. Nilimnyonyesha nimegeuza uso. Halafu akaanza kutabasamu usingizini, na vikongwe wa hapa wakaniambia mama yake wa maisha yaliyotangulia anacheza naye, nisipoangalia atamchukua. Nikawacheka. Nikawaambia huyu ana mama wengi mno, yupo wa huko nyuma, yupo wa China aliyetoa yai, nipo mimi niliyepangisha tumbo, basi wagombane wenyewe. Lakini walipoondoka nilichukua mkasi nikauweka chini ya mto wake, kinga yetu dhidi ya mizimu, ili mtu asimchukue. Nikakaa pale nikalia. Tangu siku hiyo Vireak ni mwanangu.

Kwa hiyo jibu langu ni thubutu! Wale wa China siwajui, labda nao wanalia kwao, na sina neno nao. Wakitaka kumwona waje kwa mlango wa mbele, na hakimu ajue, nitawapikia wale. Lakini hatapita mikononi mwako.

Sasa nikueleze la Mama mdogo Sophat. Mwezi huu alikwenda Poipet, kule mpakani, kumsalimia binti yake, wakapeleka chakula hekaluni pamoja. Watawa wakawa wanasoma majina ya wafu wanaoalikwa kula, karatasi za jamaa zao moja baada ya nyingine. Mara akasikia jina la babu. Kisha la bibi. Kisha la mama yetu. Nani pale mpakani awajue wafu wetu? Akauliza karatasi ile imeletwa na nani, akaambiwa ni ya Dany, muuza tambi karibu na soko.

Miaka sita umebadili jina lako, nywele zako, hata lafudhi yako. Lakini uliogopa mama asipokuta chakula hekaluni atakulaani, ukampa mtawa jina lake kamili kwa mwandiko wako mwenyewe. Nakuelewa, hata mimi nisingethubutu kumwacha mama na njaa. Na nadhani amekula, akashiba, akatuonyesha ulipo.

Mama mdogo alitaka ninyamaze, akasema damu ni nzito kuliko maji. Nilikwenda kituoni asubuhi iliyofuata na nguo yangu ya hekaluni, nikawapa jina, soko na kibanda. Mimi, Dada Phalla, si mwingine. Sijutii. Nilidhani ningejuta.

Mwanamke aliyekupa barua hii na kuagiza bakuli la tambi ni askari. Nilimwomba akuache usome mpaka mwisho, naye ni mtu mwema, amekubali. Usijisumbue na mlango wa nyuma. Safari hii wenzake wameufunga kwa nje.

Vireak anakusalimu bila kukujua. Mama mdogo anakusalimu huku analia. Kila sikukuu nitampelekea mama chakula, kwa jina langu na lako, asikose.

Ndimi mdogo wako wa titi moja,
Kunthea