Sauti Yangu Redioni

Jumatatu, 22 Machi
Ofisini mapema. Kahawa bila sukari, simu ya Kinshasa. Waziri anauliza kama Kolwezi imetulia. Haijatulia. Jana vijana walichoma nyumba za Wakasai, wakitaka warudi kwao Kasai, na stesheni imejaa watu wanaongoja treni. Nikaandika: hali inadhibitiwa. Mimi ni mkurugenzi wa wizara, ndivyo ninavyoandika. Nimetumwa huku kwetu kwa sababu mimi ni Mkatanga, eti watu watanisikiliza.

Jumatano, 24 Machi
Kalala amefukuzwa kazi hospitalini. Mume wa binti yangu Astride, muuguzi mzuri. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye amezaliwa hapa, Kasai hajawahi kuiona. Alikuja kwangu kama kwa baba yake, hakukaa.
"Tata, tukimbie ao tubakie?"
Nikamwambia wabaki. Mi niko hapa, nani atawagusa? Ukweli ni mwingine. Watu wangesema familia ya mkurugenzi inakimbia. Na kiti cha katibu mkuu kiko wazi Kinshasa.

Ijumaa, 26 Machi
Astride na Kalala wametolewa nyumbani kwao. Kundi lilikuja mchana, likatupa vyombo nje, likaimba "bilulu, bilulu". Wadudu, ndivyo wanavyowaita. Kalala amepigwa kichwani. Polisi walikuwepo, wakatazama. Nilipiga simu, hakuna aliyepokea.
Sasa wako stesheni chini ya turubai, pamoja na mama yake Kalala. Astride ana mimba kubwa. Mke wangu amewapelekea bukari, ugali wetu wa huku, na samaki.

Jumamosi, 27 Machi
Mtu wa gavana alikuja na maneno yaliyokwisha kuandikwa. Niyasome redioni: Wakasai wanaondoka kwa hiari yao, serikali inawasindikiza.
"Patron, kisha hii, Kinshasa haitakukatalia kitu."
Nimesoma. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonichoma.

Jumapili, 28 Machi
Sikwenda misa. Nilichukua gari la serikali, nikaenda stesheni kumtoa Astride. Watu hadi kwenye reli. Uvundo. Watoto wana surua. Nikamkuta juu ya godoro, anamfunga Kalala kitambaa kichwani.
"Twende kwetu," nikamwambia. "Weye hauko Mukasai. Habatakugusa."
"Na bwana yangu?"
Nikainama nichukue mzigo wake.
"Tulikusikia mu redio, papa. Ulisema tunaenda kwa mapenzi yetu. Basi acha tuende."
Kalala alitazama chini. Mama yake alinisalimu kwa heshima, kama siku ya harusi. Afadhali angenitukana.
Nikarudi peke yangu. Mwoga.

Jumatano, 31 Machi
Treni imeondoka. Mabehewa ya mizigo, watu hata juu ya paa. Mke wangu alikwenda kuwaaga. Mimi nilikuwa mkutanoni. Nikasikia honi, nikaendelea kusema.

Jumanne, 6 Aprili
Fundi mmoja wa reli ametuletea habari. Astride amejifungulia Tenke, stesheni ya njiani, ndani ya behewa, kati ya mizigo. Mtoto wa kike. Wote wawili wazima, wameendelea na safari. Mke wangu alicheka, akalia, akaingia chumbani na kufunga mlango.
Alasiri, simu ya Kinshasa. Nimeteuliwa katibu mkuu. Nikasema asante. Nikasema asante mara ya pili, nisijue ya nini. Mke wangu hatakuja nami. Anabaki Kolwezi kungoja habari za mwanawe.

Alhamisi, 8 Aprili
Ndege ni kesho. Nilipita nyumbani kwa Astride. Kuna familia nyingine. Mama mmoja alikuwa anaanika nguo. Hakunijua. Akanikaribisha, akanipa maji.
"Tata, unajua benye balikuwa banaikala humu? Baliacha maua ya muzuri."
Nikasema siwajui.
Nikamaliza maji, nikamrudishia kikombe.