Ng'ombe Waliokanwa

Katoro, Geita

Dada yangu Mama Anaeli,

Shikamoo. Natumaini goti lako limetulia tangu mvua zikatike. Mimi ni mzima; vumbi la Katoro nimelizoea, kelele za bodaboda bado.

Masunga, mshirika wangu wa mashine ya kukoboa mpunga, amelazwa hospitali ya Kolandoto. Ini limeharibika, na madaktari hawatufichi. Mambo ya mashine tumeyamaliza kwa amani. Yalibaki ya ng'ombe, ambao anataka binti yake pekee, Kabula, awapate kabla yeye hajafumba macho, kwa kuwa wadogo zake wameanza kuulizia.

Huku mwenye mifugo mingi huigawa kwa watunzaji wa vijiji mbalimbali, ili ugonjwa au wivu usimmalize kwa siku moja. Mtunzaji hunywa maziwa na kunyamaza. Masunga alinituma pamoja na Kabula kwa mtunzaji wake, mzee Jilala. Nami, kwa kupenda utaratibu, nikamchukua mwenyekiti wa kijiji awe shahidi.

“Ng'ombe wa Masunga?” Jilala aliuliza, akimtazama mwenyekiti kuanzia viatu. “Huyo Masunga namsikia tu. Hawa ni wangu, hata yule mwenye pembe moja.”

Nilimkaripia kama mwanafunzi mtoro. Kabula alilia njia nzima.

Tulipomweleza mgonjwa, alicheka hadi akakohoa.

“Mwalimu, ulikwenda na serikali? Angewataja mbele ya mgeni, ningejua nimewakabidhi kwa msaliti! Rudini wenyewe.”

Tulirudi. Jilala alimpa Kabula kibuyu cha maziwa, kisha bila kuulizwa akaanza kumwonyesha kwa fimbo: mwenye pembe moja, dada zake, na ndama wawili.

“Hawa wawili baba yako hawajui. Wamezaliwa akiwa kitandani. Mpelekee habari. Je, utawaswaga leo?”

Kabula alimrudishia kibuyu. “Wabaki, babu. Baba zangu wadogo wakija kuuliza, uwajibu kama ulivyomjibu Mwalimu.”

“Mwalimu aliniita mwongo.”

“Nao watakuita.”

Jilala akacheka. Mimi nilimwomba radhi.

Masunga aliposikia habari ya ndama, aliuliza rangi zao tu, kisha akapata usingizi.

Dada, tangu siku hiyo kuna jambo linanisumbua. Unamkumbuka yule mzee wa kule tambarare, chini ya kijiji chetu, aliyetuletea maziwa kila mwaka baada ya msiba wa baba, nasi tukamsifu kwa ukarimu? Baba alifariki ghafla. Hakupata nafasi ya kumtuma mtu kwa mtunzaji, kama alikuwa naye. Sisi hatukuuliza, naye hakusema. Kama mwanawe angali pale, nenda kamsalimie. Usimchukue mwenyekiti. Kaa, unywe utakachopewa, unyamaze, uone atanyoosha fimbo wapi.

Nisalimie shemeji, mchungaji wetu, na mke wangu, umwambie koti limefika. Wajukuu wote wasome kwa bidii.

Mdogo wako akupendaye,
Zefania